Miba Kuanzia Ukurasa wa Tano

"Mzee Korongo, umesoma mpaka wapi?" Nungunungu aliuliza mbele ya wanyama wote. Korongo, mhakiki mwenye maringo, alijikohoza tu akaendelea na hukumu yake: "Mwanzo unachechemea, katikati pamepwaya, mwisho hauna kichwa wala miguu. Kitabu hiki wapewe Mchwa."

Ndiyo ilikuwa desturi: kitabu kilichokataliwa na Korongo kililiwa na Mchwa siku hiyohiyo. Nungunungu alikuwa amekiandika chake kwa misimu mitatu, na hakuwa na nakala nyingine. Mchwa walikwisha kujipanga, wanalamba midomo.

"Nimekuuliza mpaka wapi, Mzee."

"We binti, anayeonja mchuzi humaliza sufuria?" Korongo alisema, na wanyama wakaangua kicheko.

Nungunungu hakucheka. "Mchuzi ni uleule juu na chini. Kitabu changu hubadilika njiani." Akakinyanyua kila jicho likione. Kabla ya kumkabidhi Korongo, alikuwa amezibana kurasa zote kuanzia ya tano kwa miba ya mgongo wake mwenyewe, na hakuna hata mwiba mmoja uliokuwa umeng'oka.

Kicheko kikakatika. Mchwa wakarudi nyuma.

"Kuishia njiani si kosa," alisema Nungunungu. "Kosa ni kutusimulia mji ambao hukuufikia. Haya, Mzee, ng'oa mwiba wa kwanza, ukae chini, usome. Tunakungoja."