Mkunjo wa Bawa

"Bawa bapa mmeniletea mara mbili, na mara mbili limeanguka," alisema Des Hanlon, mkaguzi wa serikali, mkono ukipunga nzi mbele ya uso kama watu wote wa Dubbo, huku Australia. "Leo nataka dakika moja hewani, humu humu kwenye banda la kunyolea kondoo, penye upepo wa kweli. Ikishindikana, mradi naufunga. Na usininunie, dada."

Dokta Bronwyn Tregear hakununa. Aliogopa tu. Miaka sita ya maisha yake ilikuwa imesimama juu ya kijiti mezani: mashine ndogo kuliko punje ya maharage, mabawa mawili na mota, basi. Siku moja ingetumwa kukagua vidonda vya kondoo.

"Safari hii bawa limepinda," alisema. "Kama kiganja unapokinga maji. Lile bapa linaichapa hewa tu, hili linaishika."

"Maneno matamu. Haya, washa."

Akabonyeza. Papo hapo upepo ukaingia mlangoni, vumbi la samadi likawajaa machoni. Walipoyafumbua, Des ndiye aliyeiona kwanza.

"Hee! Ile pale!"

Ilikuwa inaelea juu ya mizani ya sufu. Ikakata kona. Ikasimama hewani, ikachepuka, ikapanda tena. Sekunde arobaini. Hamsini. Hata ndotoni Bronwyn hakuwahi kuiona ikiruka hivyo, na machozi yakamtoka mbele ya mkaguzi. Dakika moja na nusu!

"Inanifuata mimi," Des akacheka. "Si unaona? Inamjua bosi!"

Ikamtua shavuni. Mkono wa Des ukafanya kazi uliyoizoea tangu utotoni.

Pa!



"Mungu wangu," Des akanong'ona. Uso ulimwiva, shavu moja zaidi ya jingine. "Dada, nisamehe. Haki ya Mungu, mkono umekwenda wenyewe."

Akatoa kalamu palepale, akasaini miaka mitatu zaidi. Akafikiri kidogo, akaongeza wa nne kwa aibu, akatoka bila kuaga.

Bronwyn akaiokota kwa kibanio, akaiweka chini ya lenzi aone kama bawa limepona. Lilikuwa zima. Mkunjo wake ulikuwa mzuri kuliko wowote aliowahi kuukata kwa mkono wake.

Akasogeza lenzi chini kidogo. Miguu sita yenye vinyweleo ilikuwa bado inachezacheza.