Medali Iliyong'aa Mno

"Siyo hii," alisema mtoto mkubwa wa marehemu.

Medali ya fedha ilikuwa juu ya kitambaa katikati ya meza ya sebuleni, inang'aa kama kijiko kipya. Mthamini, aliyeitwa kuitajia bei, hakuigusa. Alitoa kwanza picha aliyotumiwa na watoto, iliyopigwa zamani, marehemu akiwa bado na afya yake. Kwenye picha medali ilikuwa nyeusi, weusi wenye rangi za shingo ya njiwa, ule unaokuja wenyewe fedha ikiachwa ipumzike miaka na miaka. Kwa weusi huo, mnunuzi mmoja alikuwa ameshaahidi bei ya kiwanja.

Mthamini alikuwa ameingia nyumba nyingi za misiba, na alijua kwamba machozi hayajawahi kumzuia mtu kutia kitu mfukoni. Kwa hiyo akafanya alivyozoea: akawatazama mikono kabla ya kuwatazama nyuso.

Walikuwa watatu. Mtoto mkubwa, mwenye saa pana kuliko mkono wake. Mdogo wake, ambaye goti lilimcheza muda wote. Na mjane, mama yao wa kambo, waliyemwita mama mdogo kwa sauti isiyo na umama wowote ndani yake.

Mjane alikuwa ameomba kitu kimoja tu katika vyote alivyoacha marehemu, nacho ni medali hiyo. Haikutoka serikalini. Kampuni iliyojenga daraja kubwa ndiyo iliyotengenezesha medali hizo, chache sana, kuwatuza mafundi wake siku ya ufunguzi, na thamani yake yote ilikuwa katika uchache huo na hali iliyokuwa nayo. Marehemu alivishwa yake mchana, na jioni yake akaenda kuposa. "Hakuwa na pete," mjane alikuwa amemwambia mthamini pale mlangoni. "Akanipa hiyo." Lakini watoto walishamjibu kwamba mapenzi hayagawanyiki kwa watatu, bei inagawanyika.

Sasa yule mdogo alimwinamia mthamini na kumnong'oneza, mnong'ono wa kusikika hadi jikoni, kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Ile yenyewe imefichwa, na hii imechongeshwa kwa fundi wa vichochoroni.

Mthamini naye aliwaza hivyohivyo. Mjane alikuwa mtulivu kupita kiasi. Alipomsogezea kiti, vidole vyake vilinuka limau. Tena sinia la shaba ukutani, birika kabatini, hata vitasa vya milango, vyote vilikuwa vimefubaa, kama vitu ambavyo havijawahi kuonja kitambaa. Ndani ya nyumba hiyo kitu kimoja tu kiling'aa, na hilo hakulipenda.

Akaiweka kwenye mzani. Uzito ulikuwa sawa. Sumaku haikuivuta. Akaigonga kwa ukucha, ikalia mlio mwembamba, mrefu, wa fedha halisi. Mwisho akabana lenzi jichoni na kutafuta pengo dogo lililoonekana kwenye picha, ukingoni, chini ya nguzo ya kushoto ya daraja. Lilikuwepo, mahali palepale na umbo lilelile.

"Ni yenyewe," alisema. "Haikubadilishwa. Imesuguliwa."

Mjane aliinamisha kichwa. Akaeleza polepole kwamba marehemu alipoanza kuugua alitaka kuiona iking'aa, basi akawa anamsugulia kwa majivu na limau kila wiki, hadi mwisho wake.

Mthamini alirudisha lenzi jichoni. Mikwaruzo ilikuwa mibichi, yote imelala upande mmoja, ya mkono uliosugua mara moja tu, tena kwa nguvu zote. Mwanamke huyu alikuwa anadanganya. Akakisia kwamba ameisugua asubuhi hiyohiyo kwa ajili ya wageni, kama mtu anavyofagia ua, na sasa aibu imemfanya ajifiche nyuma ya maiti. Alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamuudhi. Hata hivyo aliitwa kutaja bei, hakuitwa kuamua kesi, kwa hiyo mikwaruzo akainyamazia.

Akawaambia watoto ukweli wa kazi yake. Anayekusanya medali hununua ngozi yake, yaani ule weusi wa miaka, na ngozi ya hii imechunwa. Mnunuzi hataitaka tena. Kilichobaki ni uzito wa fedha, na ukigawanywa kwa watatu, hautamnunulia mtu hata viatu.

Goti la mdogo likatulia. Mkubwa alicheka kicheko kikavu, akaisukuma medali kwa kidole hadi upande wa pili wa meza.

"Chukua, mama mdogo," alisema. "Asiyejua maana haambiwi maana."

Wakatoka bila kuaga, wakibishana juu ya saa ya ukutani na gari. Mthamini alibaki akikunja vifaa vyake, na alipoona mjane anafuta macho, moyo ulimlainika. Pengine si mwizi, aliwaza, ni mjinga tu, na ujinga si kosa la jinai. Akaona amwachie walau ushauri, kwa hisani.

"Mama, kuanzia leo usiisugue tena."

Mjane alikuwa ameshaiokota. Aliishika ukingoni kwa ncha za vidole viwili, bila kuigusa uso, akaitelezesha ndani ya bahasha laini ya karatasi.

"Sitaisugua, baba," alisema, akimfungulia mlango. "Marehemu alinikataza hata kuipuliza vumbi."