Chuma Kilichokufa

Mwanahawa alikuwa ametoka kidogo tu kumchotea mumewe maji. Aliporudi mlangoni pa duka la dawa za Kihindi, akamsikia Mzee Jayantilal akipiga kelele ndani: "Leo amekufa! Amekufa vizuri kabisa!"

Weee! Kikombe kikamponyoka. Akaingia mbio, "Mume wangu jamani!" Na mumewe, Faraji, huyo hapo kwenye benchi, midomo myeupe kwa kukosa damu, lakini anacheka mpaka anakohoa.

"Nani kafa?"

"Chuma, mama!" Mzee naye kashtuka. "Dawa yenu. Chuma hai inakata tumbo. Lazima choma mpaka kufa."

"Baba, si useme imeiva! Ungeniua mimi kwanza."

Mzee akanyunyiza jivu jekundu la kile chuma kwenye bakuli la maji. Likatanda juu, halikuzama.

"Choma mara ya kwanza, ilizama," akasema. "Ya ishirini, ilizama. Hii ya thelathini, inaelea. Chuma iliyokufa haizami."

Mwezi mzima Mwanahawa alikuwa akimsema kwa majirani kwamba anawazungusha. Sasa akaiona mikono yake, malengelenge matupu ya moto. Akaishika yote miwili.

"Ungenipa ile ya kwanza nisingejua, baba. Na ningekushukuru vilevile. Ahsante. Ahsante sana."

Mzee akaona haya, akachukua punje moja ya mchele. "Bado jaribio la mwisho. Jivu ikibeba hii bila kuzama, dawa tayari."

Akaiweka taratibu juu ya lile jivu. Wote watatu wakainama, na hakuna aliyethubutu kupumua kwa nguvu.