Wekundu wa Kioo cha Bibi

"Bibi yako aliwadanganya watu, mama. Hii ni rangi ya kupaka tu," alisema mnunuzi kutoka Milano, akiutupa mezani ule ufito mwekundu wa kioo, wa mwisho aliouacha marehemu hapo Murano, kisiwa cha mafundi wa kioo.

Hasira zilimpanda Ersilia, mjukuu wa marehemu, hadi masikioni. Akawasha moto wa gesi, akayeyusha ncha ya ufito, akaizungusha kwenye waya ikawa shanga. Wekundu wote ukatoweka, shanga ikawa angavu kama tone la maji.

"Si nimekwambia!" Mnunuzi akacheka.

Ersilia akaiacha ipoe kidogo, kisha akairudisha motoni. Wekundu ukaamka kutoka ndani, ukaenea, shanga ikaiva kama komamanga. Ersilia akatabasamu kitoto.

"Mama, niuzie kilichobaki!"

"Muombe radhi bibi kwanza," alisema Ersilia, akiusogeza ufito motoni kuanza shanga nyingine.