Gari la Baridi

Sabuni ilikuwa imepungua tena. Yunis aliigeuza kiganjani, akaipima kwa kidole. Hii sabuni ya waridi aliipangia foleni asubuhi nzima kwenye duka la ushirika, akaificha kikapuni chini ya nguo za Pasaka, na bado kuna mtu alikuwa anaimega kwa kisu kila siku.

Mtu gani? Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mgosi wake, mumewe Timotheo.

"Ni ya kazi, mama," alisema Timotheo akifunga kamba za viatu. "Lile gari la baridi linavuja gesi, na gesi haionekani kwa macho. Unakoroga povu, unapaka kwenye bomba. Panapochemka mapovu ndipo penye tundu."

"Na ile ya kufulia haina povu?"

"Povu lake halikai," alijibu, akatoka.

Gari lenyewe liliachwa na bwana mkonge mmoja wa huko Mnazi bondeni, mashamba yalipotaifishwa. Sasa lilikuwa la serikali. Watu wa Lushoto walilicheka sana. Sisi huku Juni tunalala na mablanketi mawili, wenzetu wanatengeneza baridi kwa mashine ndani ya gari! Lakini aliyewahi kushuka Mnazi saa nane mchana, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi, hakucheka.

Na milima yote hii fundi wa kulitibu alikuwa mmoja. Tangu Timotheo arudi kutoka kwenye mkonge na kufungua gereji, mwaka wa nne huu, Yunis akipita sokoni walimpisha. Mke wa fundi huyo! Hata kanisani alipata nafasi benchi la mbele. Isitoshe, mumewe alirudi jioni msafi kama mwalimu, ovaroli haimchoshi kufua. Zamani Yunis alijisifia jambo hilo kwa wenzake. Sasa lilimnyima usingizi. Mwanamume anaoga wapi kabla ya kufika kwake?

Jibu aliletewa na Secilia, jirani yake, aliyekuja kuomba chumvi akakaa mpaka chai ikaiva.

"Mimi sisemi kitu, mwenzangu. Nasema nilichoona. Jenoveva anaingia pale gereji kwa mlango wa nyuma. Juzi, jana, na leo."

"Jenoveva muuza mkaa?"

"Yule yule, mjane wa fundi wa magari kule kwenye mkonge. Akishaingia, komeo linafungwa."

Yunis alicheka, ila kicheko hakikufika tumboni. Jenoveva! Mwanamke mwenye mabega ya mpasua mbao, kucha nyeusi hata siku ya misa. Angekuwa mzuri, ingeuma kidogo. Kwa huyu, Yunis hakujua hata amezidiwa nini.

Alhamisi ilikuwa siku ya soko, mji mzima uko kwenye viazi na kabichi. Yunis alijifunga kanga kiunoni, mafundo mawili, akashika njia ya gereji. Shauri alikwisha kulikata: akimkuta na yule mwanamke, anarudi kwao Mlalo leo hii hii, na kitanda alichokuja nacho kinamfuata.

Nje ya gereji dereva wa gari la baridi, Ramadhani, alikuwa amekaa juu ya jiwe akimenya muwa kwa meno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona uko nje?"

"Fundi hataki mtu ndani. Anasema hii gesi inapofusha macho ya asiyeizoea. Lakini mumeo, mama! Tanga nzima wameshindwa. Kesho tunashuka na wageni, naye ameahidi litapoa kama mtungi."

"Yuko peke yake?"

Ramadhani aliutazama muwa wake kama anayeuona kwa mara ya kwanza. "Mimi ni dereva tu, mama."

Yunis alizunguka nyuma. Bati la mlango lilikuwa na ufa wa upana wa vidole viwili, akaweka jicho. Kitu cha kwanza alichokiona ni kanga ya Jenoveva, imetundikwa kwenye msumari. Halafu akasikia sauti yake, ya chini, ya mtu aliyezoea mahali.

"Sogea karibu, Timotheo. Mbona unaniogopa hivyo?"

Yunis aliupiga mlango kwa bega. Komeo liling'oka na misumari yake.

Timotheo aliruka kutoka kwenye kreti la soda, taa mkononi, uso umempauka.

"Mke wangu! Ngoja nikueleze! Usipige kelele, Ramadhani atasikia!"

"Asikie! Asikie na soko zima! Nimekunyima nini mimi, Timotheo, hata uje kwa huyu? Yuko wapi?"

Chini ya gari ilikuwa imechomoza miguu miwili, na sauti ya Jenoveva ikatoka huko huko, bila haraka yoyote:

"Mwambie mkeo aingie, afunge mlango. Nawe acha kutetemeka, nipe spana namba kumi na nne. Siyo hiyo, baba. Miaka minne nakwambia, hiyo ni bisibisi."