Upepo Kwenye Breki za Sebastian

"Kanyaga, mama! Kanyaga, kanyaga... shikilia!"

"Nimeshikilia, baba!"

Sebastian, amelala chali chini ya gari lake, akalegeza nati ndogo ya kutolea upepo kwenye gurudumu la nyuma. Mafuta ya breki yakamtemea usoni, mapovu yakafuata. Akakaza nati, akajifuta kwa mkono wa shati jeupe. Ndiyo, jeupe. Afisa mzima wa halmashauri avae ovaroli kwani yeye ni fundi?

Tangu asubuhi walikuwa hapo uani, nje kidogo ya Mbinga, na pedali bado ilikuwa inazama kama umekanyaga ugali. Fundi Mansuetus yupo palepale njia panda, lakini wa kazi gani? Jana Sebastian alibadilisha bomba la breki mwenyewe, kwa kutazama video kwenye simu. Msomi, bwana!

"Mama, ukiachia kabla sijakaza nati, upepo unaingia upya. Umenielewa?"

"Nimewalea ninyi nyote mpaka mmeota ndevu, nitashindwa na pedali?"

Leo ilikuwa siku kubwa. Sebastian alikuwa anamhamisha mama yake, Emerensiana, kutoka nyumba hii alimoolewa, kumpeleka Lipingo, kando ya ziwa, kwenye nyumba ambayo Sebastian amepewa na kazi, eti akapumzike. Kikao cha ukoo kilikaa kwa ajili hiyo. Walisikilizwa wote: kaka, dada, mashemeji, hata binamu Dastan, ambaye kwa moyo wake mweupe alijitolea kuichukua mikahawa ya mama iliyo kando ya nyumba. Mama hakuitwa. Ya nini kumchosha mtu mzima na mambo yanayomhusu? Alipopewa taarifa alijibu tu, "Haya, wanangu," na wote wakamsifu kwa uelewa.

Na kweli, hakuna aliyekuwa na haraka kama yeye. Alfajiri mabegi yalikuwa yameshafungwa na kuku wamo tengani. Jirani yake Vitalia alipokuja kumuaga huku analia, alikaripiwa. "Unalia nini wewe? Mwenzio naenda kula samaki!"

Kikwazo kilikuwa breki tu. Barabara ya kushukia ziwani ni mteremko na kona, kona na mteremko. Bila breki utafika, tena mapema, ila utapitiliza mpaka majini. Basi nalo mama hapandi, anasema linamtapisha. Na kesho Sebastian lazima aripoti kazini. Leo ikishindikana, anaondoka peke yake kwa basi, na likizo nyingine ni mpaka mwakani.

Wakahamia gurudumu la pili. Mapovu. La tatu. Mapovu, safari hii mengi kuliko ya kwanza.

"Huu upepo mshenzi kabisa!" mama akafoka kutoka kwenye usukani. "Utatuchelewesha! Hivi hao wa kwenye simu walikufundisha vizuri kweli?"

"Vumilia kidogo, mama."

"Mimi navumilia. Wewe ndiye huna haraka."

Maskini, Sebastian akajisikia vibaya. Mama wa watu ana hamu ya kuondoka, amevaa na viatu vya kanisani, na yeye na shahada yake anashindwa na povu! Akatikisa chupa ya mafuta ya breki. Yaliyobaki yalitosha gurudumu moja tu, na duka la vipuri leo Jumapili limefungwa.

Lilibaki la mbele, upande wa dereva. Hapo hakuwa na haja ya kuingia uvunguni. Alipiga magoti kando ya gurudumu, karibu na mlango uliokuwa wazi, akaomba Mungu kimoyomoyo, akaweka spana.

"Haya mama, ya mwisho hii. Kanyaga, kanyaga... shikilia! Usiachie!"

Akalegeza nati, akainua macho.

Mguu wa mama ulikuwa unapanda taratibu kutoka kwenye pedali, umeshavuliwa kiatu. Ukakunjwa juu ya kiti, ukafunikwa vizuri kwa kanga.

"Nimeshikilia, baba," mama akaitikia, macho yake yako upande wa pili, kwenye mikahawa.