Gunia la Tatu

Mnunuzi alipotumbukiza mkono kwenye gunia la tatu la kahawa, ndipo nilipokumbuka gobore langu fupi.

Nililificha humo mwenyewe kwa kuogopa wezi, mtutu juu, limeshindiliwa baruti, tayari kufyatuka. Kibali sina.

"Hilo liache, kaka," nilisema.

Akacheka. Tangu kampuni binafsi zije huku Maguu, wanunuzi wote hupapasa chini ya gunia, maana huko ndiko tunakoficha kahawa isiyokauka. Mkono ukazama mpaka kwapani.

Mke wangu, Kunigunda, alikuwa ameliinamia gunia, amelishika lisianguke.

"Mama, toka hapo!"

Aliinua uso kunitazama. Hakutoka.

"Kuna kachuma huku chini," mnunuzi alisema. "Kamepinda kama ndoana."

Akakavuta.